Damu inapovilia ndani ya misuli ya tumbo: Maradhi yanayowahadaa hata madaktari

MAUMIVU makali ya tumbo yanapomvamia mtu ghafla, fikra za wengi huelekea moja kwa moja kwa viungo vilivyomo ndani: kidole tumbo, nyongo, figo, vidonda vya tumbo au, kwa wanawake, ovari na mji wa mimba. Ni wachache wanaofikiria kuwa huenda chanzo cha maumivu hayo hakimo ndani ya tumbo kabisa, bali kimo katika ukuta unaolifunika.

Hata hivyo, ukuta huo una misuli, na misuli hiyo ina mishipa ya damu. Mmoja wa mishipa hiyo ukipasuka, damu huvuja na kuvilia ndani ya msuli, nao uvimbe unaotokea huweza kuuma sawasawa na kidole tumbo kilichovimba. Jambo la kushangaza ni kwamba damu hiyo huweza kuvuja bila mgonjwa kupigwa, kuanguka wala kuchomwa na chochote. Kikohozi kimoja kizito chatosha.

Maradhi haya si ya kila siku, lakini si ya ajabu kama inavyodhaniwa. Katika utafiti uliofanywa nchini Austria na kuchapishwa mwaka wa 1999, wagonjwa 1,257 waliokuwa na maumivu ya tumbo ya ghafla au yasiyoeleweka walichunguzwa kwa mashine ya ultrasaundi. Kati yao, 23 walipatikana kuwa na damu iliyovilia ndani ya misuli ya tumbo. Hiyo ni takriban asilimia mbili, au wagonjwa wawili katika kila mia moja.

Hatari kubwa ya maradhi haya imo katika kukosewa kwa utambuzi. Daktari asipoyafikiria, mgonjwa huweza kupelekwa katika chumba cha upasuaji na kupasuliwa tumbo bila sababu. Kinyume chake pia hutokea: mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani, ilhali damu ingali inavuja. Makosa yote mawili huweza kugharimu uhai, na yote mawili huweza kuepukwa kwa maswali machache na jaribio dogo lisilohitaji mashine yoyote.

Ukuta wa tumbo ulivyoumbwa

Sehemu ya mbele ya tumbo inalindwa na misuli miwili mirefu na bapa, mmoja kulia na mwingine kushoto. Misuli hiyo huanzia kwenye mbavu za chini na ncha ya mfupa wa kifua, ikateremka hadi kwenye mfupa ulio chini ya kinena. Ndiyo misuli inayomwezesha mtu kuinuka kutoka kitandani, kuinama, kukohoa, kupiga chafya, kutapika na, kwa mwanamke anayejifungua, kusukuma mtoto. Wanariadha huiita misuli ya "vipande sita" kwa jinsi inavyojigawa inapokomaa kwa mazoezi.

Kila msuli umevikwa ala ngumu, mithili ya upanga ndani ya ala yake. Ala hiyo hujengwa na tando imara zinazotoka katika misuli ya ubavuni. Katikati ya tumbo, kutoka kifuani hadi kinena, ala mbili hizo hukutana na kuunda mstari mgumu unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto.

Damu hufika katika misuli hiyo kupitia mishipa miwili mikuu kila upande. Mmoja hushuka kutoka kifuani, na mwingine hupanda kutoka kwenye nyonga. Mishipa hiyo hupita nyuma ya msuli na kutoa matawi yanayopenya ndani yake.

Hapa ndipo penye udhaifu. Msuli unapokazika hufupika, na unapolegea hurefuka. Mshipa wa damu hulazimika kuteleza pamoja nao. Lakini pale tawi linapoingia ndani ya msuli huwa limeshikwa, haliwezi kuteleza. Msuli ukijikaza kwa nguvu na kwa ghafla, tawi huvutwa huku na huku, na likiwa dhaifu, hukatika. Uvujaji mwingi hutokea chini ya kitovu, kwenye matawi ya mshipa unaopanda kutoka nyongani.

Kuna jambo jingine la kimaumbile linalofaa kukumbukwa. Juu ya kitovu, msuli umefunikwa na ala mbele na nyuma. Damu ikivuja hapo, ala huibana na kuizuia isienee, na mara nyingi uvujaji hukoma wenyewe. Lakini katika sehemu ya chini, takriban katikati ya kitovu na kinena, ala ya nyuma hukoma. Kinachobaki nyuma ya msuli ni utando mwembamba tu. Damu ikivuja hapo huweza kupenya, ikavuka hadi upande wa pili, au ikateremka mbele ya kibofu cha mkojo ambako pana nafasi ya kutosha kupokea lita nzima au zaidi. Ndiyo maana uvujaji wa chini ya kitovu huogopewa zaidi.

Walio katika hatari

Kikohozi kisichokoma ndicho kichocheo kinachotajwa mara nyingi. Wagonjwa wa pumu, nimonia au mkamba huikaza misuli yao ya tumbo mamia ya mara kwa siku. Vichocheo vingine ni kutapika, kupiga chafya, kujikamua chooni, kuinua mizigo mizito, kugeuka kwa ghafla na mazoezi makali ya tumbo.

Lakini watu wengi hukohoa na hawapati maradhi haya. Kinachomtofautisha anayeyapata, mara nyingi, ni dawa anazotumia. Uchunguzi wa wagonjwa 126 waliotibiwa katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2006, ulionyesha kuwa zaidi ya thuluthi mbili yao walikuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wengi walikuwa wazee, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Dawa hizo, ambazo wananchi wengi huziita dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ni pamoja na wafarini inayomezwa, na heparini na enoksaparini zinazodungwa. Katika kizazi kipya zimo rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani.

Wafarini ndiyo maarufu zaidi. Ilitokana na utafiti wa mwanakemia Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliochunguza kiini cha ng'ombe kuvuja damu na kufa baada ya kula majani yaliyooza. Mwaka wa 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya, na mwaka wa 1954 ikaidhinishwa kutibu binadamu. Kipimo kidogo huokoa maisha kwa kuzuia damu isigande mahali isipotakiwa. Kikizidi, damu hukosa kuganda hata pale inapotakiwa.

Nchini Kenya, dawa hii hutumiwa na watu wengi wakiwemo vijana. Sababu moja kuu ni maradhi ya moyo yanayotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa na kuishia kuharibu vali za moyo. Mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya kimakanika hulazimika kutumia wafarini maisha yake yote. Wengine ni waliowahi kupata damu iliyoganda miguuni au mapafuni, na wale ambao mapigo ya moyo wao yamekosa utaratibu.

Waja wazito pia wamo hatarini, hasa katika miezi ya mwisho, kwa kuwa misuli na mishipa yao huwa imetanuka. Wazee huwa na misuli iliyokonda na mishipa iliyopungua unyumbufu. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hupewa heparini wakiwa kwenye mashine, na wengi wao hushindwa kuondoa mwilini baadhi ya dawa hizi kwa kasi inayostahili. Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni au wanaodungwa sindano kwenye ngozi ya tumbo pia hawana budi kuangaliwa.

Janga la Covid-19 lilidhihirisha jinsi mambo haya yanavyoshirikiana. Kuanzia mwaka wa 2020, madaktari katika mataifa mbalimbali waliripoti visa vya wagonjwa waliolazwa wakiwa na kikohozi kikali, wakidungwa heparini au enoksaparini ili damu isigande mapafuni, kisha wakavuja damu ndani ya misuli ya tumbo.

Dalili zinazohadaa

Dalili kuu ni maumivu ya ghafla upande mmoja wa tumbo, yanayozidi mgonjwa anapojigeuza, anapokohoa au anapojaribu kuketi. Ya pili ni uvimbe mgumu unaouma ukiguswa. Baadhi ya wagonjwa huhisi kichefuchefu, hutapika na hupatwa na homa kidogo. Damu ikishuka hadi mbele ya kibofu, mgonjwa huenda akapata haja ndogo mara kwa mara au akashindwa kukojoa.

Dalili zote hizo zinafanana na za maradhi mengine. Maumivu yakiwa chini upande wa kulia, hudhaniwa kuwa ni kidole tumbo. Yakiwa juu upande huo huo, hudhaniwa kuwa vijiwe vya nyongo. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, hushukiwa kuwa uvimbe wa ovari uliojinyonga au mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Kwa mja mzito, hufikiriwa kuwa kondo la nyuma limebanduka, jambo linaloweza kuwafanya wahudumu wakimbilie upasuaji wa kumtoa mtoto kabla ya wakati. Kwa mzee, uvimbe huo huitwa ngiri au saratani.

Hata kipimo cha damu huweza kupotosha. Chembe nyeupe za damu huongezeka kidogo mwili unapopambana na damu iliyovilia, na ongezeko hilo likachukuliwa kuwa ishara ya maambukizi.

Ngozi kubadilika rangi ni ishara muhimu, ila huchelewa. Damu huhitaji muda kupenya kutoka ndani ya msuli hadi chini ya ngozi, na mara nyingi alama huonekana baada ya siku mbili au zaidi, ikijitokeza kuzunguka kitovu au ubavuni. Aidha, wekundu na rangi ya zambarau zinazoelezwa katika vitabu vingi vya udaktari huonekana vyema kwenye ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi, alama huweza kuwa weusi uliokolea tu, na huhitaji mwangaza wa kutosha na kulinganisha upande mmoja na mwingine. Kutoonekana kwa alama si ithibati kuwa damu haijavuja.

Jaribio la kuinua kichwa

Pamoja na utata huo wote, ipo njia rahisi ya kumwelekeza daktari. Ilielezwa mwaka wa 1926 na John Carnett, daktari wa upasuaji wa mjini Philadelphia, Marekani, na hadi leo jaribio hilo hujulikana kwa jina lake.

Mgonjwa hulala chali. Daktari hutafuta mahali panapouma zaidi na kupabonyeza kwa kidole. Bila kukiondoa kidole, humwomba mgonjwa ainue kichwa na mabega kutoka kitandani, au ainue miguu yote miwili ikiwa imenyooka. Kitendo hicho huikaza misuli ya tumbo.

Mantiki yake ni hii: ikiwa kinachouma kimo ndani ya tumbo, misuli iliyokazika huwa ngao baina ya kidole na kiungo kinachougua, na maumivu hupungua. Ikiwa kinachouma ni ukuta wenyewe, kukaza misuli hakumpi mgonjwa nafuu yoyote. Maumivu hubaki yalivyokuwa au huzidi.

Mwaka huo huo wa 1926, William Fothergill, daktari wa magonjwa ya wanawake wa mjini Manchester, Uingereza, alieleza ishara ya pili inayohusu uvimbe wenyewe. Uvimbe ulio ndani ya ala ya msuli hauvuki mstari wa katikati ya tumbo, na mgonjwa anapokaza misuli bado huweza kushikika kwa mkono. Uvimbe ulio ndani ya tumbo hufichika misuli inapokazika. Fothergill alikuwa akiandika kuhusu damu iliyovilia na kudhaniwa kuwa uvimbe wa viungo vya uzazi, kosa ambalo bado hutokea karne moja baadaye.

Ishara hizi zina mipaka yake. Ngiri iliyokwama na neva iliyobanwa katika ukuta wa tumbo pia huuma misuli inapokazwa. Damu nyingi iliyovuja chini ya kitovu huweza kuvuka mstari wa katikati na kuivunja kanuni ya Fothergill. Mgonjwa aliyedhoofika sana huenda asiweze kuinua kichwa. Isitoshe, jaribio hili si la kufanyiwa nyumbani kwa lengo la kuamua kutokwenda hospitalini. Kazi yake ni kumfanya mhudumu wa afya alifikirie jambo ambalo pengine asingelifikiria.

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika zahanati na vituo vya afya vya mashinani ambako hakuna mashine za kupiga picha. Chukua mfano wa mama wa miaka 65 aliyewekewa vali ya moyo, ambaye amekohoa kwa wiki moja na sasa anaumwa na tumbo chini upande wa kulia. Tabibu atakayemuuliza ni dawa gani anazomeza, kisha akamwomba ainue kichwa huku akipabonyeza panapouma, atakuwa amepata vidokezo viwili vya kutosha kumpeleka hospitali kubwa akiwa na maelezo sahihi. Asiyeuliza huenda akaandika neno "kidole tumbo" kwenye barua ya rufaa, na daktari wa upasuaji akaanzia hapo.

Vipimo vya maabara

Hospitalini, kipimo cha kwanza ni hemoglobini, yaani kiwango cha wekundu wa damu. Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Saa za mwanzo baada ya uvujaji, hemoglobini huweza kuonekana ya kawaida kwa sababu damu iliyobaki mishipani haijachanganyika na maji ya kutosha. Ndiyo maana kipimo hicho hurudiwa baada ya saa chache. Kiwango kinachoshuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine ni ushahidi kuwa damu ingali inavuja.

Kwa anayetumia wafarini, kipimo cha lazima ni INR, ambacho matumizi yake yalipendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka wa 1983 ili matokeo ya maabara mbalimbali yaweze kulinganishwa. Mtu asiyetumia dawa hiyo huwa na INR ya takriban 1. Wengi wanaoitumia hulengwa kuwa kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali bandia huwekwa juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Kadiri kiwango kinavyopanda kupita hapo, ndivyo hatari ya kuvuja damu inavyoongezeka. Hata hivyo, mtu huweza kuvuja damu ingawa INR yake imo katika kiwango kinachotakiwa. Kipimo hiki hakitegemewi kwa wanaotumia dawa za kizazi kipya.

Vipimo vingine ni vya chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, hali ya figo, kundi la damu iwapo ataongezewa, na kipimo cha mimba kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa.

Picha zinazotoa hukumu

Ultrasaundi ndiyo picha ya kwanza katika hospitali nyingi. Haina miale yenye madhara, bei yake ni nafuu, huweza kufanywa kando ya kitanda na ni salama kwa mja mzito. Huonyesha damu iliyovilia kama uvimbe mrefu wenye ncha mbili ndani ya msuli. Lakini hutegemea sana ujuzi wa anayeifanya, na damu iliyoanza kuganda huweza kufanana na uvimbe wa kawaida au saratani. Anayepiga picha asipoambiwa achunguze ukuta wa tumbo, huenda akaupita na kwenda moja kwa moja kwenye viungo vya ndani.

Skani ya CT ndiyo inayotegemewa zaidi. Huonyesha damu iko wapi, ni kiasi gani na imeenea hadi wapi, na wakati huo huo huonyesha kama kidole tumbo, nyongo na viungo vingine viko salama. Mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha mishipa, skani huweza kuonyesha damu inapovuja wakati huo huo. Dawa hiyo huhitaji uangalifu kwa wenye maradhi ya figo. Kwa mja mzito ambaye ultrasaundi haijatoa jibu, skani ya MRI huweza kutumiwa, kwa kuwa haitumii miale ya eksirei.

Mwaka wa 1996, wataalamu wa Uhispania wakiongozwa na Juan Berná walipendekeza ugawaji wa maradhi haya katika madaraja matatu kulingana na skani ya CT. Katika daraja la kwanza, damu ni kidogo na imo ndani ya msuli wa upande mmoja. Katika la pili, damu imeanza kupenya nyuma ya msuli au imevuka upande wa pili, lakini haijafika mbele ya kibofu. Katika la tatu, imeenea hadi mbele ya kibofu au imeingia ndani ya tumbo, na kwa kawaida hemoglobini huwa imeshuka. Ugawaji huo humsaidia daktari kuamua nani apumzike nyumbani, nani alazwe na nani ahitaji damu.

Matibabu na utata wake

Wagonjwa wengi hupona bila upasuaji. Hupewa mapumziko, barafu ya kukanda juu ya uvimbe, dawa za maumivu zisizoathiri kuganda kwa damu kama parasetamoli, na tiba ya kikohozi au kichocheo kingine kilichosababisha. Mwili hunyonya damu iliyovilia polepole, kazi inayoweza kuchukua wiki kadhaa au miezi.

Hii ndiyo sababu kupasua tumbo kwa kukosea utambuzi ni hatari. Ala ya msuli huibana damu na kuizuia isizidi kuvuja. Inapofunguliwa kwa kisu, kizuizi hicho huondoka, na mgonjwa ambaye damu yake haigandi huanza kuvuja upya akiwa mezani.

Panapokuwa na uvujaji usiokoma, wataalamu huweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi mahali palipopasuka na kupaziba kutoka ndani. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali chache. Upasuaji wa kufunga mshipa huachiwa wale ambao njia nyingine zimeshindikana.

Kwa anayetumia wafarini, utata ni mkubwa zaidi. Vitamini K na maji ya damu yaliyotolewa na wafadhili huweza kuirudisha damu katika hali ya kuganda. Lakini mwenye vali bandia akikaa bila dawa, damu huweza kuganda juu ya vali hiyo na kumsababishia kiharusi au kifo. Daktari hulazimika kupima hatari mbili kwa pamoja: ya kuvuja na ya kuganda. Uamuzi wa lini dawa isimamishwe na lini irejeshwe ni wa wataalamu, wala si wa mgonjwa au jamaa zake. Anayeacha kumeza wafarini kwa kuogopa kuvuja damu hujiingiza katika hatari nyingine.

Tahadhari kwa wanaotumia dawa hizi

Visa vingi vya INR kupanda kupita kiasi hutokana na dawa nyingine zinazomezwa bila daktari kujua. Kotrimoksazoli, inayojulikana na wengi kama Septrin, metronidazoli, inayoitwa Flagyl madukani, na flukonazoli inayotibu ukungu, zote huweza kuipandisha INR. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu hata INR isipobadilika. Kwa upande mwingine, rifampisini inayotibu kifua kikuu huishusha INR, na mgonjwa anapomaliza tiba hiyo akabaki na kipimo kikubwa cha wafarini alichokuwa ameongezewa, INR hupanda kwa kishindo.

Chakula nacho kina nafasi yake. Mboga za majani kama sukuma wiki, kunde, managu na terere zina vitamini K inayopunguza nguvu za wafarini. Mgonjwa hahitaji kuzikimbia. Anachotakiwa kufanya ni kula kiasi kisichobadilikabadilika, kwani anayezila kila siku kisha akaziacha ghafla huweza kuona INR yake ikipanda. Pombe kupita kiasi na dawa za mitishamba ambazo viungo vyake havijulikani pia ni hatari.

Vipimo vya INR vya mara kwa mara ndivyo kinga kuu. Mjini Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kumekuwa na kliniki maalumu ambapo wafamasia hufuatilia wagonjwa wanaotumia wafarini, hupima INR na kurekebisha kipimo cha dawa. Mpango wa aina hiyo huonyesha kuwa ufuatiliaji hauhitaji kumsubiri daktari bingwa kila mara.

Anayetumia dawa hizi anashauriwa kubeba kadi au karatasi yenye jina la dawa, kipimo chake, sababu ya kuitumia na matokeo ya INR ya karibuni. Kikohozi kisichokoma kitibiwe mapema. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na hapa mficha dawa ni yule yule.

Mtu yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kukimbilia hospitalini mara moja iwapo ataona dalili hizi:

- Maumivu ya ghafla ya tumbo baada ya kukohoa, kutapika, kupiga chafya au kuinua kitu kizito.

- Uvimbe mgumu upande mmoja wa tumbo ambao haukuwapo awali, hasa ukizidi kukua.

- Ngozi ya tumbo au ubavu kubadilika rangi bila kugongwa.

- Kizunguzungu, jasho baridi, mapigo ya moyo ya kasi, kuzimia au weupe usio wa kawaida katika viganja na ndani ya kope.

Kwa mja mzito, maumivu makali ya tumbo yanahitaji uchunguzi wa haraka hata kama hatumii dawa yoyote, kwa sababu yanaweza kumaanisha hatari kwake na kwa mtoto.

Afikapo hospitalini, mgonjwa au anayemsindikiza asisubiri kuulizwa. Aseme mwanzoni kabisa, kabla ya kuandikiwa vipimo wala kupelekwa kwa daktari wa upasuaji, kuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aitaje kwa jina, na aeleze maumivu yalianza akifanya nini.